Breki za Pikapu ya Mama Mkwe

Sijaona kiumbe anayejiamini kama fundi wa magari asiyejua kazi. Daktari asiyejua atakutuma ukapime tena. Mwalimu asiyejua atawaambia wanafunzi wakasome wenyewe nyumbani. Fundi asiyejua hababaiki hata kidogo. Anainama, anagonga tairi kwa spana, anatema mate pembeni, halafu anasema, "Hii ndogo." Neno hilo nimelisikia Kibondo mpaka siku hizi nikilisikia nafunga boneti na kuondoka zangu.

Pikapu ninayoisimulia haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, mjane, mfanyabiashara wa maharage kule Kagerankanda, aliyeinunua ikiwa tayari imezeeka. Ilikuwa zile pikapu za kazi ngumu, kabini moja yenye kiti kirefu kimoja, na bodi ya chuma nyuma. Mimi nilikuwa dereva. Nilimwoa binti yake wa pili na nilikuwa na leseni, basi kazi ikaniangukia bila mtu kuniuliza. Kila Jumatano tulipakia magunia tukaenda Kasulu, na mara moja moja tulifika hadi Kibondo, alikokuwa na mnunuzi mwingine.

Injini ilikuwa nzima, sina la kuisema. Kilichomkera mama mkwe ni kwamba gari ikipakiwa gunia kumi na mbili ilikaa chini nyuma, pua juu, na watu sokoni wakacheka. Yeye hachekwi. Safari moja ya Kibondo akaiacha gari kwa fundi, na fundi akaiongezea springi za nyuma mabamba mawili mawili ya chuma, tena vyuma vya lori. Gari ikarudi imebong'oa. Ikiwa tupu ilitembea ikinusa barabara. Ikiwa na mzigo ilikaa sawa kabisa, mama mkwe akaridhika, na yule fundi akajiona mhandisi.

Kuanzia siku hiyo pikapu ilikataa kusimama. Na ilikataa kwa namna ya kukutia wazimu, kwa sababu pedali ilikuwa nzuri, ngumu, haizami. Ukikanyaga gari ikiwa tupu, inasimama. Ukikanyaga ikiwa na mzigo kwenye mteremko, matairi ya mbele yanalia, pua inainama, na nyuma yote inakusukuma tu uendelee kwenda. Mara ya kwanza nilisimama mita chache kutoka kwenye kundi la mbuzi, nikiwa nimekanyaga kwa miguu yote miwili. Mwenye mbuzi alinitukana kwa Kiha kirefu na safi, na nilistahili.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa ujinga wote uliofuata. Katika familia niliyooa, mtu na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Vijana wa Kasulu mjini wameshaachana na mambo hayo, wanakula chipsi na wakwe zao huku wakicheka. Mama mkwe wangu hakuyaacha, na mimi sikuthubutu kumtangulia kuyaacha. Kwa kuwa kabini ilikuwa na kiti kimoja, yeye hakukaa kabini. Alipanda nyuma, juu ya maharage yake mwenyewe, mama wa miaka sitini na kitu, mwavuli mkononi, mgongo ameupa kioo ili tusionane. Mlevi yeyote tuliyemwokota njiani alikaa mbele na mimi kwa raha zake, na mwenye gari akala vumbi nyuma. Na sote tuliita hiyo heshima.

Kuzungumza ilikuwa hivyo hivyo. Tungeweza kuwa uani hatua tano tu kati yetu, yeye akamgeukia mke wangu na kusema, "Mwambie mwenzio kesho tutoke mapema." Nimesikia kila neno, lakini nangoja. Mke wangu anageuka, anasema, "Mama anasema kesho mtoke mapema." Nami namjibu mke wangu, "Mwambie mama sawa." Naye mama amesikia, lakini anangoja. Ukitusikiliza ungedhani sote wawili ni viziwi na mke wangu ndiye mkalimani wetu.

Basi nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama gari ikiwa na mzigo haisimami." Mke wangu amelelewa vizuri. Mtu aliyelelewa vizuri hampelekei mama yake habari mbaya bila kuiosha kwanza. Nikiwa nyuma ya jiko nilimsikia akisema, "Mama, dereva anasema gari imechoka kidogo."

"Mwambie aioshe," mama mkwe akajibu.

Ningeweza kutoka nyuma ya jiko. Sikutoka. Nilichota maji nikaiosha gari, nikiwatukana wote wawili kimoyomoyo.

Wiki iliyofuata nilisisitiza neno breki, na safari hii neno lilifika. Jibu likarudi: "Mwambie aipeleke Kibondo kwa fundi wetu." Yaani yule yule.

Nilikwenda. Fundi akainama, akagonga tairi, akatema mate. "Hii ndogo." Akabadilisha pedi za mbele, akazunguka nayo soko mara moja ikiwa tupu, ikasimama vizuri, akapiga boneti kofi kwa furaha. Jumatano gari ikakataa. Nikarudi. Akasema ni upepo kwenye mabomba ya breki. Akatoa upepo, akazunguka soko, akapiga boneti kofi. Jumatano ikakataa. Nikarudi tena. Akasema ni masta, ile pampu ya breki, akang'oa masta ya gari nyingine iliyokufa pale gereji akaifunga kwetu, akazunguka soko, kofi. Nilimwambia, "Fundi, jaribu ikiwa na mzigo. Ikiwa tupu haina tatizo." Akanitazama kwa huruma. Akasema mimi ni dereva, niendeshe, ufundi nimwachie yeye.

Na wale wanaume! Fungua boneti Kibondo uone. Wanaota chini kama uyoga, mikono mgongoni, kila mmoja na ushauri wake, na hakuna aliyewahi kumiliki hata baiskeli yenye breki. Mmoja alisema mafuta ya breki yamerogwa na washindani wa mama mkwe. Alikuwepo na afisa mmoja aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali, shati limenyooshwa, akasema tatizo la Kigoma si magari, ni madereva, kule kwao yeye watu wanajua kuendesha. Wengine wakatikisa vichwa kukubali, mradi kasema mtu wa ofisini.

Ila ugonjwa mkubwa kuliko yote ulikuwa wa madereva wenyewe. Kwetu dereva anayekanyaga breki kwenye mteremko anaonekana mwanafunzi. Dereva wa kweli, eti, anashuka na gia. Anatia namba mbili juu ya kilima, anaacha injini iungurume, mguu ameuweka mbali na pedali ili watu wauone. Nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele. Nilijisifu kwamba nimeshuka miteremko yote ya Nyakitonto na gunia kumi na mbili bila breki. Hakuna aliyeniuliza kama yule bibi juu ya magunia alikuwa na habari hiyo.

Mwisho nikasikia habari za fundi mmoja Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akitengeneza magari makubwa kwao kabla ya vita kumkimbiza. Nikaipeleka gari karibu na kambi siku ya Jumanne, naye akatoka na kibali cha saa chache. Alikuja amevaa viatu vya kanisani na spana zake ziko ndani ya kopo la mafuta ya kula. Nikasema moyoni, haya, na huyu naye.

Hakufungua boneti. Hilo peke yake lilinishtua. Aliniuliza, "Patron, freni za mbele munabadirisha kila wakati gani?"

"Kila mwezi."

"Na za nyuma?"

Nikafikiri. Sikukumbuka hata siku moja kuzibadilisha. Akaweka jeki, akang'oa gurudumu la nyuma na ngoma yake ya breki, akanionyesha. Lainingi, zile zinazobana ngoma ili gari isimame, zilikuwa nene, kama mpya, bado zina maandishi ya kiwandani. Miezi yote ile gari imebeba maharage, nazo zimekaa tu humo ndani hazina kazi.

Akalala chini ya gari na viatu vyake vya kanisani. Akakaa huko muda. Kisha akauliza kutoka chini, "Nani alipandisha hii mutuka?" Mutuka kwao ni gari.

Nikamweleza habari za mabamba. Akacheka peke yake kule chini mpaka akakohoa, halafu akaniita nilale pembeni yake. Kwenye chesi, juu ya ekseli, palikuwa na valvu ndogo ambayo kwa miaka yote ile nilidhani ni kitu cha kutu tu. Kutoka kwenye valvu ulitoka mkono wa chuma, ukashuka hadi kwenye ekseli. Akaueleza kwa kidole. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, inaikaribia ekseli, mkono unasukumwa juu, na valvu inayapa magurudumu ya nyuma mafuta ya breki ya kutosha kushika. Ukishusha mzigo, bodi inapanda, mkono unashuka, valvu inayabania mafuta ili nyuma isiteleze. Ndivyo gari inavyojipimia mzigo yenyewe.

"Sasa munapandisha mutuka juu," akasema. "Munaweka magunia, haishuki. Ye iko nawaza haina kitu. Kila siku iko nawaza haina kitu."

Nililala pale chini nikiwa na hasira hadi machozi yakanilenga. Pedi za miezi yote ile, upepo, masta ya gari mfu, uchawi wa washindani, na kumbe bingwa wa Kibondo ndiye aliyezinyima breki za nyuma kazi, akapokewa na kushukuriwa. Na mimi niliyejiita dereva nilipita juu ya kile kivalvu kila siku.

Dawa yake haikuwa kubwa. Alitaka kuchomelea kipande cha chuma juu ya ekseli, kirefu sawasawa na kimo ambacho gari iliinuliwa, ili ule mkono upande na urudi mahali pake. Akapima kwa ujiti, akaukata. Lakini valvu yenyewe ilikuwa imeganda kwa kutu, ilitaka kufunguliwa na kuoshwa, kazi ya nusu siku, na kibali chake kilikuwa kinaisha saa tisa. Nikamwambia basi tuufunge mkono juu kwa waya tu, twende. Akanitazama vile vile ninavyowatazama mafundi wa Kibondo.

"Valvu imekufa, patron, waya utafanya nini? Alhamisi nitaomba ruhusa tena, nitamaliza. Kesho tembea, lakini bule, bila kitu. Mzigo, hapana. Umesikia? Hapana."

Nilisikia. Hata hilo siwezi kulikana.

Nikarudi Kagerankanda nikamwambia mke wangu, neno kwa neno, "Mwambie mama kesho gari haipakiwi. Mwambie itaua mtu." Akaenda. Nikasimama nyuma ya jiko, mahali pangu.

"Mama," nikamsikia akisema, "dereva anaona kesho ingefaa gari ipumzike."

"Mnunuzi ananingoja. Mwambie itapumzika Alhamisi."

Mke wangu akarudi ameinamisha macho. Alijua alichokipunguza, nami nilijua. Ningeweza kwenda hatua kumi nikasema mwenyewe. Ningeweza kuficha ufunguo, ningeweza kujifanya naumwa tumbo, ningeweza kutoa upepo kwenye matairi. Yote hayo niliyafikiria, sikuja kuyafikiria baadaye. Lakini mkwe gani anamwambia mama mkwe hapana? Halafu nilikuwa na gia zangu. Nikaingia ndani nikala ugali, nikalala vizuri.

Asubuhi nilikuta gunia kumi na mbili zimepangwa na turubai limefungwa, na yeye yuko juu, mwavuli mkononi, mgongo kwangu. Nikaiamkia ardhi, naye akaitikia upande wa migomba. Nikawasha gari.

Mteremko wenyewe uko kabla ya daraja dogo, upande mmoja ngema, ukuta wa udongo, upande mwingine mtaro na mashamba ya mihogo. Nilitia namba mbili juu kabisa kama dereva wa kweli. Katikati ya mteremko gia ikaruka. Ilikuwa na tabia hiyo, nami niliijua, huwa naishikilia kwa mkono, ila pale mkono ulikuwa unamsalimia mtu wa pikipiki. Injini ikanyamaza. Nikakanyaga breki, matairi ya mbele yakashika, yakaanza kuteleza juu ya kokoto, na usukani haukuwa na maana tena. Nyuma ikanisukuma. Mwenye pikipiki alikwishajitupa porini. Nikaliona daraja linakuja na nikajua hatuliwezi. Katika kuhangaika niliachia breki, gari ikatii usukani, nikaichomeka kwenye ngema.

Ilisimama, maana hapo haikuwa na hiari. Ililala upande kidogo, turubai likapasuka, na magunia yakaruka juu ya kabini na pembeni. Niliposhuka, maharage yalikuwa yanamiminika barabarani. Mama mkwe alikuwa mtaroni. Alikuwa amelala chali, macho yamefunguka, mguu mmoja umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii.

Nilifanya nini? Nilisimama. Wallahi, mimi ninayewacheka watu wote wa wilaya mbili, nilisimama ukingoni mwa mtaro na kugeuza uso ili nisimwone mama mkwe wangu nguo zimempanda. Kisha nikaanza kupiga kelele kuwaita wanawake niliowaona mbali ng'ambo ya bonde wakilima. "Jamani, njooni! Njooni mumwinue mama!" Walisimamisha majembe, wakatazama. Walikuwa mbali. Niliita tena. Niliita mpaka sauti ikakauka, na katikati ya kuita nikasikia sauti chini yangu.

"Unamwita nani?"

Nikaijibu ardhi. "Nawaita akina mama, waje wa..."

"Wewe huna mikono?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonielekeza moja kwa moja tangu nilipotoa posa. Nikashuka mtaroni nikambeba. Alikuwa mwepesi, nilishangaa. Alipiga kelele mara moja tu, nilipompitisha mlangoni mwa kabini, halafu akauma kanga. Mwenye pikipiki alitoka porini akanisaidia kuisukuma gari itoke kwenye ngema. Bodi ilikuwa karibu tupu. Maharage tuliyaacha pale pale, tukaelekea hospitali Kasulu.

Habari za breki nizimalize hapa hapa. Mkongomani alikuja Alhamisi kama alivyosema. Alifungua valvu, akaiosha, akachomelea kipande chake, akaifunga. Nilipakia gunia kumi na mbili za mchanga, nikashuka mteremko ule ule, nikakanyaga katikati. Gari ilisimama pale pale kwa magurudumu yote manne, bila kelele, wala pua haikuinama. Mpaka leo hakuna pikapu ya umri wake kati ya Kasulu na Kibondo inayosimama vile. Yule fundi wa Kibondo, nimesikia, anawaambia watu kwamba alizitengeneza yeye.

Lakini nilikuwa nasema habari za kabini. Tulikaa kiti kimoja, mimi na yeye, yeye ameegemea mlango, mguu ameunyoosha kuja upande wangu. Gari ikiwa tupu ilisimama kila nilipokanyaga, na aliona. Pale kwenye kona ya tatu akauliza, "Sasa mbona inasimama?"

Nikamweleza. Mambo ambayo mke wangu hakuweza kuyafikisha kwa miezi minne niliyamaliza kabla ya kufika kilima cha pili. Nilimweleza mabamba, valvu, mkono wa chuma, nikamweleza lainingi zenye maandishi. Alisikiliza vizuri na akauliza maswali mawili, yote ya akili kuliko ya fundi yeyote wa Kibondo. Alielewa mara moja. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

"Ulijua lini?"

"Jana, mama. Habari za valvu, jana. Kwamba haisimami, tangu siku nyingi."

"Kwa hiyo asubuhi nilipokuwa nimekaa juu, ulijua."

"Nilijua, mama."

Akageuka akanitazama usoni, kwa karibu, muda mrefu, na mimi nikashindwa kutazama pengine.

"Na ukawasha gari," akasema.

Nikangoja, kwa mazoea, mtu anijibie. Kabini tulikuwa wawili tu.